Boulenger, mtu aliyempa mbenga jina la Goliati bila kufika Kongo

Mtu wa komini ya Shituru, hapa Likasi, akipanga kupeleka wageni kuvua mbenga, kazi yake inaanza siku mingi kabla ya kupanda gari. Wageni wa uvuvi huo hawaji na wavu. Wanakuja na fimbo ndefu nyepesi, kamba nzito ya rangi, na ndoana iliyofungwa manyoya ya ndege na nyuzi mpaka inafanana na kasamaki kadogo. Wanairusha mbali, wanaivuta kidogo kidogo, na mbenga anafikiri ni chakula kinachokimbia. Akishikwa anapimwa, anapigwa picha, na mara mingi anarudishwa majini akiwa mzima.

Swali la kwanza ambalo mgeni wa namna hiyo anauliza si bei. Anauliza ni mbenga gani aliye pale. Kumbe wako zaidi ya mmoja. Yuko yule mwenye mistari myeusi mwilini na mkia wenye rangi nyekundu au ya machungwa, ambaye watu wa Luapula na Moero wanamuita manda. Na yuko yule mkubwa wa mto Kongo na Lualaba, mwenye meno kama misumari, anayeweza kupita kilo 40. Kwa vitabu vya samaki vya dunia nzima, huyu mkubwa anaitwa Hydrocynus goliath. Jina hilo lilichapwa Ubelgiji mwaka wa 1898, na aliyelitoa ni George Albert Boulenger.

Boulenger alikufa mwaka wa 1937. Hakuwa mvuvi. Hakuishi Kongo, hakupanda mtumbwi juu ya Lualaba. Lakini sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa leo kwenye masoko ya Kalemie, Uvira, Bukavu na Bukama walipitia mikononi mwake, wakiwa wamekufa, ndani ya chupa. Maisha yake yanaonyesha namna elimu juu ya mito yetu ilivyojengwa, na watu gani walisahauliwa wakati wa kuijenga.

Mtoto wa notere wa Bruxelles

George Albert Boulenger alizaliwa Bruxelles tarehe 19 Oktoba 1858. Baba yake, Gustave Boulenger, alikuwa notere, ni kusema mtu wa kuandika na kuhifadhi mikataba ya watu. Mama yake, Juliette Piérart, alitoka Valenciennes, upande wa Ufaransa. Alikuwa mtoto wao mwanaume wa pekee.

Mwaka wa 1876 alimaliza masomo ya elimu ya viumbe kwenye Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles. Alikuwa na miaka 18 tu. Akapata kazi kwenye nyumba ya makumbusho ya viumbe ya muji ule ule, akishughulika na vyura, nyoka, mijusi na samaki. Tangu ujana wake alikuwa anasafiri Paris na London kuangalia wanyama waliohifadhiwa huko, kuwalinganisha na wale wa Bruxelles.

Safari hizo ndizo zilimfungulia mlango. Mwaka wa 1880, Albert Günther, mtaalamu mkubwa wa samaki kwenye nyumba ya makumbusho ya London, alimuita kuja kupanga upya orodha ya vyura. Kazi ile ilikuwa ya serikali ya Uingereza, na sheria ilidai mfanyakazi awe raia wa nchi. Boulenger akachukua uraia wa Uingereza. Mwaka wa 1882 akapewa cheo cha kudumu katika idara ya wanyama, na akabaki pale mpaka kustaafu mwaka wa 1920. Karibu miaka 40 kwenye nyumba moja.

Kazi ya kila siku

Watu wengi wanafikiri kumpa samaki jina la kisayansi ni jambo la dakika moja. Sivyo. Chupa inafika kutoka mbali, samaki yuko ndani ya pombe kali, rangi yake imekwisha kupotea. Mtaalamu anamtoa, anapima urefu wa mwili na urefu wa kichwa. Anahesabu magamba yaliyopangwa kwenye mstari wa ubavuni. Anahesabu miiba ya kila pezi. Anafungua kinywa na kuangalia meno, namna yalivyo na mahali yalipo. Kisha anatafuta ndani ya vitabu na ndani ya chupa zingine kama samaki wa namna ile alikwisha kuandikwa. Kama hayumo, anampa jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Halafu chupa ile inawekwa pembeni kama shahidi. Mtu yeyote akiwa na mashaka miaka 100 baadaye, anarudi kwenye chupa ile.

Kwa kazi ya namna hii Boulenger alikuwa na kipawa. Walioishi naye walimjua kama mtu wa utaratibu mkubwa na wa kumbukumbu isiyo ya kawaida: mnyama aliyekwisha kumuona mara moja, hakumsahau, wala jina lake. Inasemekana mara chache sana alirudia kuandika kitu mara ya pili. Maandishi yake ya kwanza ndiyo yalikwenda kuchapwa. Alisema Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, alisoma Kihispania na Kiitaliano, na Kirusi kidogo, tena alijua Kilatini na Kigiriki vya kutosha kwa kutunga majina. Nje ya kazi alipiga violoni.

Hesabu ya kazi yake inashangaza. Mpaka mwaka wa 1921 alikuwa ametoa maandishi 875, ukiacha vitabu vikubwa 19. Aina za samaki alizoziandika kwa mara ya kwanza zinapita 1,000. Vyura na jamaa zao wanapita 500, na nyoka, mijusi na wengine wa ukoo huo wanapita 800. Mwaka wa 1894 alipokelewa kwenye Royal Society ya London, mahali pa wataalamu wa juu wa Uingereza.

Chupa za Kongo

Wakati Boulenger alipokuwa na jina tayari, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa anaitawala Kongo kama mali yake mwenyewe. Mwaka wa 1897 mfalme yule alifanya maonyesho makubwa kule Tervuren, karibu na Bruxelles. Wakongomani 267 walipelekwa Bulaya kwa ajili ya maonyesho yale, wakawekwa kwenye vijiji vya kujengwa ili Wabeleji wawaangalie. 7 kati yao walikufa kule, na makaburi yao yako Tervuren mpaka leo.

Kutoka maonyesho yale ilizaliwa Nyumba ya Makumbusho ya Kongo. Mfalme alitaka wataalamu wa viumbe, na Boulenger, mwana wa Bruxelles aliyefanikiwa London, aliwekwa kiongozi wa tume ya kushughulikia jambo hilo. Tangu hapo chupa za samaki wa Kongo zilianza kumfikia kwa wingi.

Ni lazima kukumbuka hali ya wakati ule. Miaka ile ndiyo ya kaucho, ya kodi ya nguvu, ya mikono iliyokatwa. Mitumbwi iliyobeba askari na mizigo ya kaucho ilipita kwenye mito ile ile ambamo samaki wa makumbusho walivuliwa. Boulenger hakuwa askari wala mtu wa kampuni. Alikuwa kwenye meza yake, London. Lakini barabara iliyomletea chupa ilikuwa barabara ya utawala ule, na maofisa wake ndio walikuwa wakikusanya. Ukweli huo haufuti elimu aliyoiacha. Unaonyesha tu kwamba elimu hiyo ilikuwa na bei, na waliolipa si wale waliosifiwa.

Goliati wa mto

Mwaka wa 1898, katika toleo za kwanza za nyumba ile ya makumbusho, Boulenger aliandika samaki wapya wa Kongo. Kati yao alikuwepo mbenga mkubwa. Ukoo wake ulikuwa na jina tayari, Hydrocynus, lenye maana ya mbwa wa maji, kutoka Kigiriki. Yule mwenye mistari alikuwa amekwisha kuandikwa na Mfaransa Castelnau mwaka wa 1861. Boulenger aliona kwamba huyu wa Kongo ni mwingine. Akamuita goliath, kwa jina la yule jitu la Biblia aliyepigwa na Daudi kwa jiwe.

Jina lilimfaa. Mbenga goliati ni samaki wa maji yenye nguvu. Anakaa kwenye mto Kongo, Lualaba, maziwa ya Upemba, tena Tanganyika. Anakula samaki wengine. Meno yake ni makali, yanaonekana hata akiwa amefunga kinywa, na ya juu yanapishana na ya chini kama meno ya mutego. Mwaka wa 1988, upande wa Kinshasa, mmoja wa kilo 44 alivuliwa kwa fimbo, na uzito huo ukaandikwa kama rekodi ya dunia.

Hata leo, mtu akipanga safari ya kumvua, mambo ambayo Boulenger aliyaandika juu ya kinywa na meno ndiyo yanaamua vyombo vya kubeba. Kamba ya nailoni peke yake haifai, meno yanaikata kwa mara moja. Lazima kipande cha waya wa chuma kiwe kati ya kamba na ndoana. Kinywa ni mfupa mtupu, kwa hiyo ndoana inoliwe sana, na mvuvi avute kwa nguvu wakati samaki anapouma. Hata hivyo wengi wanaruka juu ya maji, wanatikisa kichwa na kuachana na ndoana. Manyoya yaliyofungwa vizuri usiku mzima yanamalizika kwa kuumwa mara mbili au tatu. Anayekwenda na ndoana tano tu, anarudi mapema.

Mukebuka, kuhe na sambaza

Wakaaji wa pembeni ya maziwa ya mashariki wana deni la majina kwa Boulenger kuliko wanavyojua. Mwaka wa 1898 aliandika juu ya samaki ambao Muingereza J. E. S. Moore aliwatoa Tanganyika. Mwaka uliofuata akapokea wale wa msafara wa luteni Charles Lemaire, uliotumwa na serikali ya Leopold kupitia Tanganyika na Katanga. Msafara ule ulikuwa na mchoraji wake, Léon Dardenne. Kutoka kazi ya mwaka ule wa 1899 tunapata jina la kisayansi la kuhe, samaki mkubwa wa Tanganyika anayependwa sana mezani. Miaka michache baadaye mtaalamu Mfaransa Pellegrin aliupa ukoo wa kuhe jina la Boulengerochromis, kwa heshima ya Boulenger mwenyewe.

Mwaka wa 1906 aliandika samaki walioletwa na W. A. Cunnington, aliyekwenda Tanganyika mwaka wa 1904 na 1905. Kati yao alikuwepo mmoja mdogo sana wa jamii ya ndakala, ambaye leo anaitwa Limnothrissa miodon. Wakati ule hakuna aliyejua samaki huyo atasafiri mpaka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichukuliwa Tanganyika na kutupwa katika ziwa Kivu, ambalo lilikuwa na samaki wachache. Akazaana. Ni yeye sambaza ambaye leo anawalisha watu wa Goma, Bukavu na vijiji vya pembeni ya ziwa, na wanawake wengi wanasomesha watoto kwa kumuuza.

Halafu yuko mukebuka, ambaye watu wa Uvira wanamuita mukeke. Daktari Mbeleji Louis Stappers alifanya utafiti kwenye maziwa ya Tanganyika na Moero miaka ya 1911 mpaka 1913. Chupa zake zilimfikia Boulenger, na mwaka wa 1914 mukebuka akapata jina, Lates stappersii.

Kazi hizi zote zilikusanywa ndani ya vitabu viwili vinavyojulikana zaidi. Cha kwanza ni juu ya samaki wa bonde la Kongo, kilichotoka mwaka wa 1901. Cha pili ni orodha ya samaki wa maji baridi wa Afrika, vipande vinne, vilivyotoka kati ya mwaka wa 1909 na 1916. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kujua samaki wa mto fulani wa Afrika alianza na vipande hivyo vinne.

Majina ya nani?

Tuangalie majina yenyewe. Katika Tanganyika peke yake, Boulenger aliacha samaki wenye majina ya Moore, Lemaire, Cunnington na Stappers. Kule magharibi kuna mkonga wa mto aliyepewa jina la Delhez, aliyekusanya samaki kwa ajili ya makumbusho. Wote hawa ni wazungu waliopeleka chupa.

Lakini ofisa aliyekaa kambini miezi michache hakujua mwenyewe wapi kuhe anajenga kiota, wala saa gani mukebuka anapanda juu. Walioshika samaki wale ni wavuvi wa Tanganyika, wa Lualaba, wa Moero. Wao walijua majina ya kila samaki kwa Kiluba, kwa Kibemba, kwa Kifuliru, kwa Kitabwa. Walijua mwezi wa kuzaa, mahali pa mawe na mahali pa matope, na samaki anayefaa kwa mgonjwa. Wanawake walikausha na kutia chumvi. Wapagazi walibeba sanduku kichwani siku nyingi mpaka pahali pa mashua. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia katika majina yale.

Si kwamba Boulenger aliwachukia. Chupa ilifika na karatasi yenye jina la aliyeituma, pahali na tarehe, na yeye alifanya kazi kwa karatasi ile. Mambo ambayo karatasi haikuyasema, yeye hakuyajua. Na hapo ndipo mtu mwenye kumbukumbu kubwa kuliko wote alipofika mwisho wa kumbukumbu yake.

Samaki kipofu, maua na kifo

Boulenger alistaafu mwaka wa 1920, lakini Kongo haikumuacha mara moja. Mwaka wa 1921 aliandika samaki wa ajabu aliyetoka kwenye mapango ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu: samaki mdogo asiye na macho wala rangi, Caecobarbus geertsii. Samaki huyo ni mmoja wa wale ambao biashara yao inasimamiwa na mkataba wa kimataifa, kwa sababu makao yake ni madogo na yanaharibika kwa urahisi.

Baada ya hapo aliacha wanyama, akarudi Ubelgiji na kugeukia maua ya waridi. Mtu aliyehesabu magamba miaka 40 alianza kuhesabu miiba na majani. Alitoa maandishi 34 juu ya mimea, na vitabu viwili juu ya waridi za Bulaya. Mwanaye Edward alifuata njia ya baba, akawa msimamizi wa nyumba ya samaki kwenye bustani ya wanyama ya London.

Mwaka wa 1937 Ubelgiji ilimpa nishani ya Leopold. Mwaka ule ule, tarehe 23 Novemba, alikufa Saint-Malo, kwenye pwani ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 79.

Kitu ambacho chupa zinasema Shituru

Mtu anaweza kuuliza maisha ya mzee huyu yanasaidia nini kwa wakaaji wa Shituru leo. Tuangalie tarehe. Kipande cha mwisho cha orodha yake kilitoka mwaka wa 1916. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka wa 1918. Kiwanda kikubwa cha kusafisha shaba cha Shituru kilianza kazi mwaka wa 1929. Bwawa la Mwadingusha lilifunga Lufira mwaka wa 1930 na kuzaa ziwa Tshangalele. Likasi yenyewe ikapewa jina la Jadotville mwaka wa 1931, mpaka 1966. Ni kusema Boulenger aliandika samaki wa nchi hii wakati maji yalikuwa bado hayajapokea maji machafu ya viwanda.

Leo watafiti wamekuta shaba, kobalti na metali zingine ndani ya matope, majani na samaki wa Lufira ya juu na ziwa Tshangalele, kwenye maji yanayopokea mito inayoshuka kutoka Likasi. Familia mingi zinakula bukari na samaki wa ziwa lile. Mtu akitaka kujua ni samaki gani walikuwepo zamani na ni gani wamepotea, lazima awe na kitu cha kulinganisha. Chupa za zamani, zile za Tervuren na za London, ni ushahidi ambao hakuna mtu anaweza kuubadilisha. Watafiti wa Kongo wanapopata nafasi ya kuzifungua, wanafungua pia kumbukumbu ya mito yao wenyewe.

Kwa anayepanga safari

Basi turudi kwa yule mtu wa Shituru na wageni wake. Kwanza achague maji. Mbenga goliati hatafutwi kwenye mabwawa ya karibu na viwanda. Safari ni kwenda Lualaba, upande wa Bukama, kwa barabara au kwa reli. Pili achague mwezi. Mwisho wa kiangazi, mwezi wa 8 mpaka wa 10, maji yanashuka na kuwa meupe, na mbenga anaona manyoya kutoka mbali. Mvua zikishika, mto unakuwa matope na fimbo inakuwa mzigo tu. Tena miezi ya mvua ndiyo ya samaki kuzaa, na pahali pengi uvuvi unafungwa. Tatu, aulize mipaka: sehemu ya maziwa na mito iko ndani au pembeni ya Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mwaka wa 1939, na humo haiingiwi bila ruhusa ya ICCN. Nje ya hifadhi, kuna mkubwa wa kijiji na ofisi ya serikali inayoshughulikia uvuvi. Wote wapitiwe kabla, si baada ya kukamatwa.

Nne, na hapa ndipo maisha ya Boulenger yanafundisha zaidi, apange mapema na mvuvi wa pale. Yeye ndiye anajua jiwe ambalo mbenga anajificha nyuma yake, na mkondo unaopindua mtumbwi. Bila yeye, fimbo ya bei kali inavua majani. Malipo yake yasemwe wazi kabla ya safari, si kuachwa kwa huruma ya mgeni siku ya mwisho. Na mgeni akipiga picha na kuandika kilo, tarehe na jina la mto, chini yake liandikwe pia jina la mvuvi aliyemfikisha, kama mwenyewe anakubali.

Boulenger aliandika kila kitu kilichokuwa kwenye karatasi yake, bila kukosea sana. Majina ya wavuvi hayakuwa kwenye karatasi. Safari hii, kalamu iko mikononi mwa watu wa hapa.